Kidole cha Mama Kisogoni

Tarumbeta nililokuwa nalipuliza halikuwa langu. Lilikuwa la usharika, limechorwa namba kwa ncha ya msumari, na kitufe chake cha kati kilikuwa kinanata asubuhi za baridi, na huku Mbeya asubuhi za baridi hatujawahi kupungukiwa. Lakini jioni, nikishalifuta kwa kipande cha fulana na kulirudisha kabatini, nilikuwa najisikia kama mtu anayeaga mchumba. Wenzangu wa bendi walinicheka kwa hilo. Nami nilicheka nao.

Nyuma ya mlango wa kabati hilo paliandikwa sheria kwa chaki: anayekosa mazoezi mara tatu anarudisha ala. Aliiandika mwalimu wetu wa bendi, mzee aliyestaafu kazi ya reli, na kila chaki ilipofifia aliikoleza. Mimi nilikuwa nimekosa zaidi ya mara tatu. Kilichoniokoa ni kwamba siku nyingine nilikuwa nakuja, napuliza robo saa, halafu nalala kwenye benchi la nyuma nikiwa nimejifunika koti usoni, na mzee akawa hajui aandike nimekuja au sijaja.

Ni kichwa. Kilinianza nikiwa darasa la sita kwetu Madibira, na kikahama nami kuja mjini. Kwanza jicho la kushoto linaona kitu kama bati jipya lililopigwa na jua, kinametameta na kusogea pembeni. Nafumba macho, bado kipo. Baada ya nusu saa bati linaondoka, ndipo maumivu yanaingia. Yanaanzia kisogoni upande wa kushoto, yanapanda juu ya sikio, yanakuja kukaa nyuma ya jicho na kutwanga. Mwanga unauma. Sauti inauma. Harufu ya vitunguu vya jirani inauma. Natapika, nalala, naamka nimechoka kama niliyelima shamba zima peke yangu.

Kazi yangu ni viatu vya mitumba pale sokoni Mwanjelwa. Meza si yangu, ni ya mama mmoja aliyenipokea nilipoacha shule kidato cha pili. Naviosha viatu, nashona soli zilizoachia, nabandika, napiga rangi, mpaka kiatu kilichozunguka nchi za watu kinaonekana ndiyo kwanza kinaanza maisha. Naipenda kazi hiyo. Nikishika kiatu huwa nawaza aliyekivaa alikuwa anakwenda wapi na kama alifika. Lakini ile gundi, siku mbaya, ilikuwa inanipeleka moja kwa moja kwenye bati.

Basi mfukoni nilitembea na vidonge vya maumivu. Viwili asubuhi, kabla hata kichwa hakijaanza, ili kisithubutu. Viwili mchana. Jioni ya mazoezi naongeza vya aina nyingine vyenye nguvu zaidi. Msichana wa duka la dawa akiniona tu anachukua mkasi na kukata karatasi ya vidonge, haulizi. Niliona ndiyo akili. Sisi wa Mwanjelwa turubai tunalivuta wingu likiwa bado liko mlimani, nami kichwa nilikifanyia hivyohivyo.

Kila mtu alikuwa na jina la ugonjwa wangu. Muuza nguo wa meza ya pili alisema ni macho, nikanunua miwani, nikawa naona bati vizuri zaidi. Fundi wa saa alisema ni majini. Kijana mmoja wa bodaboda alinionyesha kwenye simu yake video ya zahanati ya nchi za mbali, ambako wanakutoa damu, wanaizungusha kwenye mashine, wanaichuja, wanakuchoma nayo tena ili sehemu iliyoharibika ijizae upya. Video ile niliitazama mara nyingi. Nikiwa napiga rangi viatu nilikuwa naota mchana kweupe kwamba natoka kwenye mlango wa kioo nikiwa na kichwa kipya kabisa, hata nywele zimeota vizuri kuliko za zamani.

Mwanzoni mwa Kwaresima mwalimu wa bendi aliniita pembeni ya kabati. Kwetu, alfajiri ya Pasaka, bendi inatangulia makaburini kabla jua halijatoka. Watu wanafuata na taa zao, wanasimama kila mmoja kwenye kaburi la mtu wake. Tarumbeta moja linaanza peke yake gizani, ubeti mzima, bila ngoma wala mwenzie, ndipo wengine wote wanaitikia. Mwaka huo mzee alikuwa amenipa mimi kuanza. Nilikuwa nimelitamani jambo hilo tangu siku ya kwanza nilipogusa ala.

"Kijana," akasema, "sauti unayo. Pumzi unayo. Kichwa je?"

"Kinaendelea vizuri, mwalimu."

"Kinaendelea vizuri kwenye benchi." Akafunga kabati, akaweka ufunguo mfuko wa shati. "Jumamosi ya kuamkia Mitende tunafanya mazoezi marefu, saa tatu nzima. Ukisimama mpaka mwisho, Pasaka ni yako. Ukilala, tarumbeta linapata mwenyewe mwingine, na sitaki uninunie."

Huyo mwingine alikuwa amesimama palepale, dada anayepiga ngoma ndogo, ambaye alikuwa amengoja tarumbeta miaka miwili. Hakujificha.

"Kaka, mimi nakuombea upone," akaniambia tukiwa tunatoka. "Kweli kabisa. Ila usilitemee mate sana, maana simjui atakayelirithi."

"Nitalitemea zaidi."

"Litemee tu. Nina sabuni."

Nilicheka mpaka getini. Nilipofika nyumbani nilikaa kitandani na kuhesabu majuma yaliyobaki, na kicheko kikaisha chenyewe.

Aliyeniokoa ni shangazi yangu wa Iringa. Yeye ni mpishi katika hospitali ya misheni, upande ule wa kwenda Tosamaganga, na kwa kuwa uji wa wagonjwa unapita mikononi mwake, habari za hospitali nzima zinapita humohumo. Akanipigia simu.

"Kamwene, mwanangu. Yupo daktari wa mishipa ya fahamu, anakuja kwetu kwa majuma machache. Dada mdogo tu, ukimwona utadhani ni mwanafunzi. Jana amemchoma mwalimu mmoja sindano hapa kisogoni, mama wa watu aliletwa amefunikwa shuka kichwani, leo ameomba chapati. Panda basi."

"Kisogoni, shangazi?"

"Kisogoni. Kwani we unaumwa goti?"

Nikampigia mama Madibira kumuaga. Nilipotaja sindano ya kichwa, simu ikakatika. Nilidhani ni mtandao. Haukuwa mtandao.

Hapa inabidi nieleze jambo, maana bila hilo mama ataonekana mkorofi, na sivyo alivyo. Kabla yangu alizaa mtoto wa kike. Mtoto yule alishikwa na degedege akiwa hajatimiza miaka miwili, akapelekwa zahanati, akachomwa sindano, akafa kabla ya kurudi nyumbani. Kwetu watu wengi wa umri wa mama wanaamini ugonjwa wa degedege hauchomwi, kwamba sindano ikiingia kwenye mwili ambao kichwa kimeshikwa, inaondoka na mtu. Halafu nikazaliwa mimi, na mimi pia degedege ikanishika. Safari hiyo mama hakwenda zahanati. Alinibeba mgongoni akakimbia nami kwa bibi mmoja wa moshi na majani, na nikapona. Kwa hiyo mama, kila akinitazama, alikuwa anaona ushahidi. Mimi ndiye niliyekuwa hai kwa sababu sikuchomwa.

Nilifika Iringa jioni. Asubuhi yake, kabla shangazi hajaenda jikoni kwake, mlango ukagongwa. Alikuwa mama, ana vumbi la barabara ya Mafinga mpaka kwenye nyusi, mkononi mfuko wa mchele, kwapani kuku.

"Wifi, karibu," shangazi akasema.

"Nimekaribia. Nimekuja kumchukua mwanangu kabla hujammaliza."

"Kuku ni wa kwangu au ni wa safari?"

"Kuku ni wako. Mtoto ni wangu."

Wakakaa. Chai ikamiminwa. Mawifi wale wawili wanapendana sana, na njia yao ya kupendana ni kupigana maneno, kwa hiyo mimi nilimenya viazi tu.

"Wifi," shangazi akaanza, "mimi wagonjwa nawaona kila siku. Wanachomwa, wanapona, wananidai chumvi iongezwe kwenye mboga."

"Kichwa hakichomwi."

"Hachomwi kwenye ubongo. Ni ngozi tu, huku nyuma."

"Nyuma ya nini? Si ya kichwa?"

Shangazi akammiminia chai nyingine. Mama akanigeukia. "Baba, we unataka?" Ananiita baba kwa sababu nina jina la baba yake.

Nilitaka kusema kitu kikubwa. Nilichosema ni kwamba nataka kupuliza tarumbeta makaburini siku ya Pasaka, peke yangu, ubeti mzima, na kwamba Jumamosi ya kuamkia Mitende nikilala kwenye benchi nimelikosa. Nikamwambia pia kwamba sijawahi kupata kitu kingine kinachonifaa hivyo. Mama akanipokonya kisu, akamenya kiazi kimoja mpaka mwisho.

"Nitakwenda kumsikiliza huyo daktari," akasema. "Kumsikiliza tu. Akinijibu ovyo tunaondoka."

Daktari kweli alikuwa kama mwanafunzi, ana viatu vya raba ambavyo mimi niliona mara moja vimebanduka soli upande wa kulia. Alinisikiliza bila kuandika. Aliposikia habari ya bati aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyetajiwa mtaa anaoufahamu. Akasema ugonjwa unaitwa kipandauso. Akanimulika macho, akanigonga magoti, akanitembeza kwenye mstari wa vigae, akanishika shingo kila upande. Kisha akauliza habari ya dawa, na mimi, kwa fahari, nikamweleza mpango wangu wa turubai.

"Mwezi uliopita ni siku ngapi hukumeza kidonge chochote?"

Nikafikiri. "Jumapili moja. Nilikuwa nimesahau suruali yenye vidonge."

Hakucheka. Akaniambia taratibu kwamba vidonge vya maumivu vikimezwa karibu kila siku kwa miezi mingi, kichwa kinavizoea, na kila vinapopungua kinalia kivipate tena. Kwa hiyo kile nilichodhani kinazuia maumivu kilikuwa sasa kinayaleta. Kipandauso nilikuwa nacho tangu utoto, lakini hiki cha kila siku nilikitengeneza mwenyewe, kwa karatasi na mkasi wa duka la dawa. Nilijisikia mjinga. Akaliona hilo, akasema wanaofanya hivyo ni wengi, wengine wamevaa makoti meupe.

Nikamuuliza ile ya damu inayozungushwa kwenye mashine. Nilimuuliza kwa matumaini yangu yote.

"Nimeisoma," akasema. "Wanaijaribu kwenye magoti na kwenye misuli, wengine wanaijaribu hata kwa vichwa. Kwa kipandauso bado hatuna uhakika, na mimi siwezi kukuuzia kitu ambacho sina uhakika nacho. Zipo nyingine, sindano ndogondogo nyingi za paji la uso na shingo, hizo zimethibitika, ziko hospitali kubwa. Tukizihitaji tutafika huko. Mimi leo nakupa ya karibu. Kuna mshipa wa fahamu unapanda hapa kisogoni. Naweka ganzi kidogo pembeni yake pamoja na dawa ya kuutuliza. Haiponyi ugonjwa. Inakushikilia majuma kadhaa, na katika majuma hayo wewe unaacha vidonge. Kazi kubwa ni yako."

Basi, kichwa kipya cha kwenye mlango wa kioo kikaniaga pale. Ajabu ni kwamba sikuumia. Nilipewa kitu kidogo, lakini kilikuwa juu ya meza, naweza kukigusa.

Mama alikuwa amekaa pembeni, mkoba mapajani. Sasa akasema, "Dokta, mimi nina mtoto aliyekufa kwa sindano."

Akasimulia. Kisa kile nilikuwa nakijua tangu utoto, lakini mbele ya daktari alikiongezea kipande ambacho hakuna aliyewahi kukisikia, hata shangazi aliyekuwa amesimama mlangoni na aproni yake. Alisema, "Nesi alisita. Mimi ndiye nilimwambia choma. Mimi ndiye nilimshika mkono mtoto asicheze. Niliushika hivi." Akatuonyesha kwa mkono wake mwenyewe.

Miaka yote nilidhani mama anaogopa sindano. Kumbe aliogopa kushika.

Daktari alisogeza kiti chake kikafika karibu na cha mama, magoti yakagusana. "Mama, mimi sikuwepo, siwezi kukuapia," akasema. "Lakini degedege mara nyingi ni malaria kali iliyokwisha panda kichwani. Mtoto anapofika tayari anaondoka, sindano inamkuta njiani, halafu sindano inabebeshwa lawama. Na mama naye anajibebesha. Ulimshika ili apone. Hakuna kingine ulichofanya."

"Na huyu je? Huyu hakuchomwa."

"Huyu homa yake ilimwachia, namshukuru Mungu pamoja na wewe. Lakini akija mjukuu na degedege, mlete hospitali siku hiyohiyo, na akihitaji sindano achomwe. Hilo nakuomba."

Mama alijifuta uso kwa upindo wa kitenge. Halafu daktari akafanya jambo ambalo nitamkumbuka nalo. Alimuuliza mama, "Akiumwa, huwa unamkanda wapi?"

Mama hakufikiri. Tangu nikiwa darasa la sita alikuwa ananikanda kwa mafuta, nikiwa nimelala kifudifudi kwenye mkeka. Akainuka, akanizunguka, akapitisha kidole kwenye nywele zangu, akakiweka kisogoni upande wa kushoto, chini ya ule mfupa. Akabonyeza. Maumivu yakaruka mpaka nyuma ya jicho, nikashika meza.

Daktari akapapasa mwenyewe, akapima kwa vidole kutoka katikati ya kisogo mpaka nyuma ya sikio. "Ni hapohapo," akasema. "Mama, usitoe kidole." Akachukua kalamu, akaweka alama pembeni ya ukucha wa mama.

Nadhani hapo ndipo mama alipokubali. Hakusema amekubali. Alivua kilemba, akakikunja, akanitandikia mezani niwekee paji la uso, akaja mbele, akanishika mikono yote miwili. Mikono yake ilikuwa na nguvu kuliko ya kwangu.

"Usicheze, baba," akasema.

Nilisikia ubaridi wa spiriti, kisha mchomo mdogo, kisha kitu kama kubanwa kinachojaa polepole. Mama alikuwa anahesabu kwa Kihehe, chini ya pumzi. Hakufika hata ishirini. Daktari akasema tayari, akabonyeza pamba. Baada ya dakika kadhaa nyuma ya kichwa changu pakafa ganzi, nikajigusa nikaona kama naushika mkate wa mtu mwingine. Na lile jiwe lililokuwa nyuma ya jicho, ambalo nilikuwa nimelizoea mpaka nilidhani ni sehemu ya uso wangu, likawa halipo. Nikamwambia daktari kwamba soli yake ya kulia imebanduka na nitamshonea.

"Anaona nini huyu?" mama akauliza kwa wasiwasi.

"Anaona kiatu changu," daktari akasema. "Macho yako sawa."

Ningependa kuandika kwamba iliishia hapo, lakini kazi kubwa ilikuwa yangu kama nilivyoambiwa. Nilikaa kwa shangazi siku kumi bila kidonge cha maumivu hata kimoja. Nilipewa kidonge kingine cha kuzuia, kimoja tu jioni, na daftari la kuandika kila siku kichwa kimeamkaje. Siku mbili za kwanza nilikuwa naimba. Ya tatu kichwa kikaanza kudai vidonge vyake. Ya nne na ya tano nilitapika, nikatetemeka, nikamlaumu kila mtu, pamoja na kuku, ambaye shangazi alikuwa hajamchinja bado. Kisogo kilikuwa kimya, ila mwili mzima ulitaka ile karatasi ya duka la dawa. Shangazi alinipekua mifuko asubuhi na jioni kama mgambo.

"Mwanangu, hiki ni nini?"

"Kifungo cha shati, shangazi."

"Kitafune nione."

Mama hakurudi Madibira, ingawa mpunga ulikuwa umeanza kutoa masuke na ndege wanaoula walikuwa wanasubiriwa. Alikaa. Siku ya tano, nilipomwambia anitafutie kimoja tu, nusu tu, alinikalia pembeni akaweka kidole palepale kisogoni bila kubonyeza, akakiacha hapo. Nikalala. Siku ya nane niliandika kwenye daftari: kichwa hakipo. Nikaifuta, nikaandika: maumivu hayapo. Siku ya kumi nilishona soli za daktari, zote mbili, kwa uzi wa kutia nta, nikarudi Mbeya.

Jumamosi ya kuamkia Mitende mwalimu wa bendi aliweka saa yake juu ya kinanda. Dada wa ngoma ndogo alikuwa amekuja na sabuni kweli, kipande kilichofungwa kwenye karatasi, akakiweka kwenye kiti changu. Tulipuliza nyimbo zote, za Mitende, za Ijumaa Kuu, za Pasaka, tukarudia. Saa ya pili nilianza kuona kitu kinametameta upande wa kushoto. Nikageuka polepole nikaona ni jua, linapiga kwenye tuba, ile ala kubwa ya jirani yangu. Nikafumba macho, halipo. Sijawahi kulipenda jua kama siku ile.

Saa tatu zikaisha nikiwa nimesimama. Mzee akaichukua saa yake, akaivaa, akajifanya anahangaika na mkanda wake.

"Benchi leo limepata mapumziko," akasema.

Dada wa ngoma akanyoosha mkono. "Nirudishie sabuni yangu." Nikamrudishia. Alikuwa amenuna kidogo, ana haki. Nikamwambia jioni za Alhamisi nitakuwa namfundisha kwa hilihili tarumbeta, mzee akiruhusu. Akasema atafikiria. Alhamisi alifika kabla yangu.

Alfajiri ya Pasaka mama alikuwa kule makaburini, amekuja Mbeya kwa ajili hiyo tu, amejifunika vitenge viwili kwa baridi. Taa zilikuwa zimetapakaa mlimani, kila taa na mtu wake. Kitufe cha kati kilikuwa kinanata, nikakipulizia joto ndani ya koti. Mzee akanigusa bega. Nikaanza. Ubeti ule hauna haraka. Unapanda, unasimama, unapanda tena, na pale juu kabisa ndipo zamani kichwa kilikuwa kinapasuka. Nilifika pale juu. Nikakaa pale kwa muda wote unaotakiwa na kidogo zaidi. Bendi ikaitikia, watu wakaimba, na kule mashariki pakaanza kupambazuka.

Baada ya ibada mama alinikuta nalifuta tarumbeta.

"Hawa wa hapa wamepuliziwa," akasema. "Na yule wa kwetu?"

Tarumbeta la usharika lilikuwa halijawahi kutoka Mbeya. Nilimweleza mwalimu kwa maneno machache. Alisikiliza, akaenda kabatini, akarudi na lile sanduku la ala lenye bawaba mbovu ambalo hakuwa akimpa mtu, akanikabidhi.

"Jumatano liwe hapa," akasema. "Na lisikae kwenye jua."

Jumatatu ya Pasaka tukasimama kwenye kaburi la dada yangu kule Madibira, mimi na mama, pembeni ya mfereji, mpunga umeinamisha masuke pande zote. Kaburi ni dogo, limepangwa mawe, mama alikuwa amelifagia mapema. Alisimama mikono imekunjwa mbele, vidole vya mkono mmoja vimeushika mkono wa pili, vile alivyotuonyesha kwa daktari. Nikapuliza ubeti uleule. Nilipofika juu, majaruba yote mawili ya mpunga ya jirani yakalipuka ndege, kweleakwelea wengi kama moshi, wakazunguka mara moja na kuondoka kuelekea mbuga.

Mama akaachia mikono yake. Akawatazama ndege mpaka wakaisha machoni, akaanza kucheka, cheko ambalo mimi nilikuwa sijalisikia mahali pale.

Kutoka kwenye tuta la ng'ambo, mzee mmoja aliyekuwa ameshinda akipiga debe kuwafukuza ndege hao tangu asubuhi akasimama, akakinga mikono mdomoni, akapaza sauti.

"Kijana, hiyo ya mwisho irudie. Ila geukia huku kwangu."

Mama akasema, "Mgeukie, baba." Nikalipangusa tarumbeta, nikamgeukia.